Kodi ikate faida, isikate akiba

Maneno yetu mbele ya vijana wa Wamaza, wa Kasongo na wa Kabambare

 

Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi. Hatukuja kusema juu ya vita pia, ingawa tunajua namna vilivyotuchosha. Tumekuja kusema juu ya feza kidogo: ile inayobaki mkononi baada ya kuuza mchele, mawese, karanga, au baada ya kushinda siku nzima juu ya pikipiki. Ile mnayoweka kwenye kisanduku cha AVEC, kwenye kooperativi ya akiba, au kwenye simu. Na juu ya feza ndogo zaidi inayozaliwa na hiyo: faida ya akiba.

Wengine wanaiita intere. Wengine wanaiita riba, lakini hapa kwetu Kasongo, mji wa misikiti, kuna wazazi wasiopenda hata kusikia neno hilo, na tunawaheshimu. Kwa hiyo leo tutasema "faida". Leta yenyewe haijali tunaiita jina gani. Inauliza tu: umepata ngapi?

Na sisi tuna haki ya kuuliza pia. Nani anaruhusiwa kukata kodi juu ya faida hiyo? Anakata ngapi? Anaiandika wapi? Na ikishakatwa inakwenda wapi?

Juu ya nini tunauliza leo? Juu sisi ndio hawa mnaotuona. Tulimaliza iniversite. Kati yetu kuna wa uchumi, wa sheria, wa kilimo, wa ualimu. Diplome ziko ndani ya valize, na kazi hakuna. Benki haimkopeshi kijana asiye na mshahara wala kiwanja chenye karatasi. Basi benki yetu ni nini? Ni kikundi cha akiba. Ni mama ishirini na vijana watano chini ya mwembe, kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Mtindo huo haukuanzia kwetu. Ulianza Niger mwaka 1991, pamoja na shirika la CARE, na leo umeenea Afrika nzima. Kwa wengi wetu, mtaji wa kwanza wa maisha, ule wa kununua cherehani au kufungua kibanda cha simu, umetoka ndani ya kisanduku hicho na si pengine.

Sasa, kuna jambo ambalo tumeliona na tumelisikia katika vikundi zaidi ya kimoja. Siku ya mgao, wageni wanafika. Mara wana karatasi, mara hawana. Wanasema: "Leta inataka sehemu yake." Wengine wanapewa kuku na kuondoka. Wengine wanahesabu kisanduku chote na kutaka asilimia juu ya jumla. Hatutataja mtu, juu hatukuja kushitaki mtu hapa. Tunataka mwone matokeo yake. Vikundi vimeanza kujificha. Mgao unafanyika usiku. Siku ya mkutano inabadilishwa kila juma. Kisanduku kinalala chini ya kitanda cha mama mmoja, peke yake na watoto wake. Na sisi wote tunajua maana ya kulala na feza ya watu ishirini na tano ndani ya nyumba ya miti na udongo, katika teritware ambako bunduki zimetembea porini miaka na miaka.

Hilo ndilo lililotuleta. Kodi isiyoeleweka haimuumizi tajiri. Inamfukuza maskini kutoka mahali penye mwanga na kumpeleka gizani, na huko gizani anaibiwa mara ya pili.

Tuanze na hesabu, halafu tutafika kwenye sheria.

Chukueni kikundi cha watu 25. Kila mmoja ananunua hisa tatu kwa juma, hisa moja ni franka 1,000. Wanafanya hivyo majuma 48. Kila mtu ameweka franka 144,000. Kikundi kizima kimeweka franka 3,600,000. Katika mwaka huo watu wamekopa ndani ya kisanduku na kurudisha pamoja na nyongeza, na tuseme nyongeza zote zimefika franka 720,000. Siku ya mgao, hisa iliyonunuliwa kwa 1,000 sasa ina thamani ya 1,200. Kila mtu anabeba franka 172,800.

Swali: huyu mtu amepata ngapi? Hakupata 172,800. Franka 144,000 ni zake, alizitoa jasho, alikula vibaya ili aziweke. Alichopata ni 28,800 tu. Hiyo ndiyo faida.

Sasa aje mtu aseme kodi ni asilimia 20. Akikata juu ya faida, anachukua franka 5,760, na mama anabaki na 23,040 za nyongeza. Inauma, lakini inaeleweka. Akikata juu ya mgao wote, anachukua franka 34,560. Angalieni vizuri hiyo namba. Imepita faida yote! Amemeza zile 28,800, kisha ameingia ndani ya akiba na kuchukua nyingine 5,760. Mama huyo ameweka akiba mwaka mzima, na mwisho amerudi nyumbani na feza chini ya ile aliyoweka. Kama angeificha ndani ya mtungi, angekuwa na zaidi.

Kwa hiyo tukitoka hapa na neno moja tu, liwe hili: kodi ya faida inakata faida. Ikigusa akiba, imekuwa kitu kingine, na kitu hicho hakistahili jina la kodi.

Sasa sheria inasema nini? Tusiseme kwa hasira tu, tuseme kwa vifungu.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18/02/2006, kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Ila kwa sheria! Si kwa barua ya mkubwa, si kwa tangazo la redio, si kwa mdomo wa mtu aliyevaa kofia. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba msamaha wa kodi au punguzo haliwezi kutolewa ila kwa sheria. Kumbukeni pande zote mbili, juu tutarudi hapo.

Kodi juu ya mapato ya mtaji, yaani feza inayozaa feza nyingine bila wewe kushika jembe, iliwekewa msingi wake katika ordonansi-sheria namba 69-009 ya tarehe 10/02/1969. Huko ndiko kiwango cha kawaida cha asilimia 20 kilikotoka. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria mpya ya kodi juu ya mapato ya watu binafsi, ili kukusanya pamoja kodi zilizokuwa zimetawanyika. Viwango vinaweza kubadilika sheria inapobadilika. Lakini kuna mambo mawili ambayo kila kijana anatakiwa kuyashika.

La kwanza: hii ni kodi ya nchi, si ya jimbo wala ya kijiji. Anayeishughulikia ni DGI, ile Direksioni kuu ya kodi. Katiba, kifungu cha 204, inataja kodi za jimbo na za mahali: kodi ya ardhi na majengo, kodi juu ya mapato ya nyumba za kupanga, kodi ya magari, na nyinginezo. Halafu ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13/03/2018 imetoa orodha ya kodi, haki na takisi ambazo jimbo, mji, komine, sekta na usultani zinaweza kutoza. Mkubwa wa mahali haamki asubuhi na kubuni yake kwa ajili ya visanduku vya akiba. Anayesema anatoza kwa jina la sekta au komine, aonyeshe imeandikwa wapi ndani ya orodha hiyo.

La pili: mpango wa kodi hii ni kwamba anayelipa faida ndiye anayekata. Taasisi inayokupa faida inakata kwanza sehemu ya leta, inaitangaza, inaipeleka, na wewe unapokea kilichobaki. Mzigo wa kutangaza unakuwa juu ya yule mwenye vitabu, mwenye ofisi, mwenye namba ya kodi. Hauwi juu ya mama mwenye kibakuli cha karanga. Kwa hiyo mtu anayekusimamisha njiani na kudai "kodi ya faida yako" mkononi, bila karatasi, amekwisha kuonyesha mwenyewe kwamba haifahamu kodi anayodai.

Wazee wetu wanatutazama na wanasema moyoni: watoto hawa hawajui kodi ni nini. Tunajua, wazee, maana ninyi ndio mlitusimulia. Kodi ya kichwa ya wakati wa Wabelgiji iliwekwa kwa dekreti ya mwaka 1910. Mwanaume alitakiwa kulipa kwa sababu tu ana kichwa. Hakuna aliyemwuliza kama amepata kitu. Kisha ikaja pamba ya lazima, na watu wa Maniema walilima pamba ambayo hawakula, ili wapate franka za kulipa kodi ambayo hawakuielewa. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia "kodi" anatazama mlango wa nyuma. Hatumlaumu. Lakini kodi ya kichwa na kodi ya faida ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ilisema: upo, basi lipa. Hii inatakiwa kusema: umepata, basi changia sehemu. Kama hujapata, hakuna cha kuchangia. Wale wanaokata juu ya akiba yote wanaturudisha kwenye ile ya 1910.

Tutazame majirani pia, juu tangu 2022 tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nao. Kenya, mtu anayepata faida ya akiba benki anakatwa asilimia 15. Uganda, asilimia 15. Tanzania, asilimia 10. Benki ndiyo inayokata, na kwa mtu wa kawaida mambo yanaishia hapo: hakuna mtu wa kumfuata nyumbani. Anatazama karatasi ya akaunti, anaona mistari miwili, faida na kodi, basi. Anaweza kukasirika, lakini anajua amekasirikia namba gani.

Uganda hiyo hiyo inatupa somo lingine. Mwezi wa saba 2018 serikali iliweka kodi ya asilimia 1 juu ya feza zinazopita kwenye simu. Haikuwa juu ya faida. Ilikuwa juu ya feza yenyewe: unaweka, unakatwa, unatuma, unakatwa, unatoa, unakatwa. Watu walipiga kelele, vijana wakatoka barabarani, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa kuwa asilimia 0.5 na kubaki juu ya kutoa feza tu. Mnaona? Wananchi wenyewe, bila kusoma vitabu vya uchumi, walijua tofauti ya kukata tunda na kukata mti.

Na sisi hapa Kongo tuna yetu. Mnakumbuka RAM. Kuanzia 2020 simu zetu zilianza kumeza initi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa. Hakuna aliyetueleza vizuri ni ya nini wala inakwenda wapi. Watu walikataa, vijana wakaandamana, wabunge wakauliza, na mwaka 2022 ikaondolewa. Tusisahau hilo. Kodi mbaya haiondoki kwa kunung'unika kwenye kiti cha pikipiki. Inaondoka kwa watu kujua jina lake, hesabu yake na sheria yake, na kuuliza mchana kweupe.

Nchi tajiri zenyewe zinamwachia mtu wa akiba ndogo. Ufaransa kuna kitabu cha akiba kinachoitwa Livret A, cha tangu 1818. Faida yake haikatwi kodi hata senti moja, na mtu anaruhusiwa kuweka hadi euro 22,950 humo. Uingereza, tangu mwezi wa nne 2016, mlipa kodi wa ngazi ya kawaida hatozwi kitu juu ya paundi 1,000 za kwanza za faida kwa mwaka. Hatusemi tuige kila kitu. Tunasema: kama Mfaransa mwenye euro elfu ishirini anaachiwa, itakuwaje mama wa Wamaza mwenye faida ya franka 28,800 akimbizwe hadi usiku?

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa hawapendi kulisema. Faida yetu nyingi ni faida ya macho. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Katika 2024 ilifika karibu 2,800. Mtu aliyeweka franka 1,000,000 mwanzoni mwa 2022 alikuwa ameweka dola 500. Miaka miwili na kitu baadaye, milioni ile ile ilikuwa dola 357. Ili arudi tu pale alipoanza, alihitaji kuwa na franka 1,400,000. Tuseme alipewa faida ya 150,000. Kwenye karatasi, amepata. Sokoni, kwenye bei ya sabuni na ya kitenge, amepoteza. Na kodi inatazama karatasi, haitazami soko.

Wazazi wetu waliyaona makubwa zaidi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuzwa zaire 1 mpya. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuzwa franka 1. Kuna watu walikuwa na akiba ya miaka ishirini, ikayeyuka bila mwizi kuingia nyumbani. Watu hao wakisema "siweki feza mahali pa leta", wana sababu. Tusiwacheke.

Sasa tunajua baadhi yenu mnajiuliza: basi vijana hawa wanataka tusilipe? Hapana. Tusikilizane vizuri hapa, juu kesho watu watabadilisha maneno yetu.

Katiba, kifungu cha 65, inasema kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi na takisi zake. Sisi tunakubali wajibu huo. Kijana anayelia kwamba hakuna barabara, hakuna dawa, hakuna walimu wenye mshahara, halafu anasema hakuna mtu kulipa kodi, hajamaliza kufikiri. Lakini wajibu una mlango wa pili. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya nchi ni ya majimbo, na kwamba inatakiwa kukatwa pale pale kwenye chanzo, yaani jimbo libaki na sehemu yake kabla feza haijapanda kwenda Kinshasa. Na sheria namba 08/016 ya tarehe 07/10/2008 inasema kwamba katika sehemu hiyo ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sultani.

Turudi kwa mama wetu wa mfano. Tuseme franka 5,760 zake zimekatwa kwa haki, zimeandikwa, zimefika. Asilimia 40 ya jimbo ni franka 2,304. Katika hizo, asilimia 40 ya komine na sekta ni franka 921 na kitu. Mia tisa na ishirini na moja! Ni bei ya nini leo? Kidogo sana. Lakini kila moja ya franka hizo ina anwani. Hata franka mia tisa tunaweza kuifuata. Tunaweza kwenda kwenye ofisi ya sekta na kuuliza: mwaka huu mmepokea ngapi kutoka juu? Imefanya nini kwenye barabara hii ya Kasongo, Wamaza na Kabambare ambako mvua ikinyesha pikipiki inasukumwa na watu watatu? Miaka yote tangu Katiba hiyo, feza inapanda Kinshasa kwanza, na inashuka pale wakubwa wanapotaka, kiasi wanachotaka. Hiyo nayo ni kuvunja Katiba. Anayemdai mama kodi yake kwa jina la sheria, asome na ukurasa unaofuata.

Na ile feza inayochukuliwa mkononi siku ya mgao, usiku, bila karatasi? Hiyo haina asilimia 40. Haina jimbo wala sekta. Imekufa pale pale ndani ya mfuko wa suruali. Huwezi kuiuliza swali hata siku moja. Ndiyo maana hatukubali neno la wale wanaosema: "Afadhali kumpa kidogo, aende zake." Ukimpa kidogo, mwaka kesho anarudi na rafiki yake, na wewe bado mbele ya sheria unahesabika kama mtu asiyelipa kitu.

Basi tufanye nini? Tumekubaliana mambo manne, na tunawaomba mwaangalie kama yanafaa.

Moja. Kila kikundi kitenganishe kitabu chake. Ukurasa wa akiba uwe peke yake, wa faida peke yake, wa mfuko wa msaada wa ugonjwa na matanga peke yake. Leo vikundi vingi vinaandika jumla moja tu mwisho wa mwaka, na mgeni akija anaona jumla hiyo, anakata juu yake, na hakuna anayeweza kumpinga. Kitabu ambacho hakijui faida ni ngapi hakiwezi kuilinda akiba. Hapa ndipo diplome zetu zitatoka ndani ya valize. Sisi tuliosoma hesabu na uchumi tutazunguka kwenye vikundi vinavyotuita, bila malipo, kufundisha makatibu namna ya kuandika kurasa hizo tatu. Hatutashika feza, hatutashika funguo. Tutashika kalamu tu.

Mbili. Wewe mwenye akiba kwenye kooperativi, benki au simu, uliza maswali matatu siku unapopewa faida. Faida yangu ilikuwa ngapi kabla ya kukata? Mmekata ngapi, kwa sheria gani? Mmeitangaza wapi? Uliza kwa heshima, na uombe jibu liandikwe kwenye kitabu chako. Taasisi safi haiogopi maswali hayo. Ile inayokata kimya, au inayokata kisha haipeleki mahali, itaanza kutokwa na jasho, na ni vizuri itokwe.

Tatu. Mgeni akija siku ya mgao, hakuna kutukana, hakuna kupigana, hakuna kukimbia. Mpeni kiti. Ombeni barua ya kazi yake. Ombeni jina la kodi, namba ya sheria, na karatasi ya malipo yenye namba. Andikeni jina lake na saa aliyofika, mbele ya mashahidi watatu. Kama ni mtu wa leta kweli, hatakasirika. Kama si mtu wa leta, atakumbuka haraka kwamba ana safari nyingine.

Nne. Tulisema tutarudi kwenye kifungu cha 174. Msamaha wa kodi unatoka kwenye sheria peke yake. Maana yake hata mkubwa wa mahali mwenye moyo mzuri hawezi kutusamehe, na mwenye moyo mbaya hawezi kututwika. Kwa hiyo tusipoteze pumzi kwenye mlango usiofunguka. Tunawaandikia wabunge wa taifa waliochaguliwa Kasongo na Kabambare. Tunadai waseme wazi ndani ya Bunge kwamba vikundi vidogo vya akiba, na kila akiba ya mtu mdogo, viwekewe kipimo: faida iliyo chini ya kipimo hicho isikatwe kitu. Kipimo kiandikwe kwa namba, kwa lugha ambayo mama yetu anaweza kusomewa na kuielewa. Barua iko pale mezani. Anayekubali aweke sahihi, na asiyeandika aweke kidole.

Wengine wameshatuonya: mkianza kuuliza, mtaiamsha leta iliyolala. Ndugu, haijalala. Kila bariera njiani inatuambia haijalala. Kilicholala ni sheria, na kinachotembea usiku ni tamaa ya watu. Sisi tunataka kinyume chake.

Na tunawaambia vijana wenzetu wa mjini, mnaosoma maneno haya kwenye simu zenu, huko Kindu, Bukavu, Goma, Kinshasa: msidhani jambo hili ni la mama wa kijijini tu. Siku utakapopata kazi, uweke dola mia mbili za kwanza, ukapewa faida ya dola tano, utataka kujua dola moja imekwenda wapi. Anza kujua leo, kabla haijawa yako.

Kisanduku kirudi kufunguliwa mchana, chini ya mwembe, mbele ya watu wote. Hilo ndilo tunalolipigania. Anayetaka kutuona kwa ajili ya mafunzo ya vitabu, abaki hapa baada ya mkutano, tupange siku.

 Tuko pamoja.